Msumari wa Wifi

Mchicha ulianza kunyauka wiki ileile wifi yake alipohamia, na Mama Sindano, fundi wa kushona nguo, hakuhitaji kuambiwa mchawi ni nani.

Kibaraza cha ghorofani kilikuwa roho yake. Ndoo kuukuu za rangi alizijaza udongo na samadi: mchicha huku, nyanya kule, hoho pembeni. Jirani wa chini alipolalamika kuwa maji yanachuruzikia nguo zake, Mama Sindano aliziba matundu ya ndoo zote kwa vitambaa na nta, akajisifu kwa ujirani mwema.

Sasa majani yamegeuka manjano, na huyu wifi, mjane asiye na pa kwenda, kila asubuhi anachomeka kidole kwenye udongo, ananusa. Ananusa nini? Mama Sindano alimwambia mumewe kwamba dada yake anamwaga maji ya sabuni. Mume, ambaye kwa uoga hana mpinzani, akasema labda ni jua. Jua! Jua halikuhamia na mabegi mawili. Mama Sindano akaapa kwamba akimfumania tu, atamtoa.

Akamfumania. Wifi alikuwa amechuchumaa mbele ya ndoo ya hoho, mkononi msumari wa moto, ncha inafuka moshi.

"Kumbe! Mimi nakulisha, wewe unanitobolea vyombo."

"Wifi, maji hayana pa kutokea."

"Mlango unaujua."

Wifi akauweka msumari dirishani, akabeba mabegi yake, akaenda kujihifadhi kwa rafiki. Hakulia. Hilo nalo Mama Sindano alilifanya ushahidi.

Adui kaondoka, lakini mchicha ukafa vilevile, na nyanya zikaanza kufuata. Kwa hasira aliipindua ndoo ya mchicha. Ukamwagika uji mweusi unaonuka, mizizi imeoza yote, na kitambaa chake mwenyewe chenye maua mekundu bado kimekaza kwenye tundu. Iliyokuwa na uhai ni ndoo moja tu, ya hoho, yenye tundu la msumari ubavuni. Chini yake wifi alikuwa ameweka sinia kuukuu la kukinga maji, jirani asilalamike.

Akakaa palepale kwenye tope, akapiga simu, maneno ya kuomba radhi ameyapanga mdomoni. Wifi akapokea. Hakusalimia wala hakulaumu.

"Ndoo za nyanya umeshazitoboa?"

Mama Sindano alifungua mdomo ajibu, kilio kikamtangulia.