Imetafutwa, Haikupatikana

Kila seva ilipowashwa, mstari mwekundu ulichomoza kwenye skrini: HITILAFU! MASHINE PEPE HAIKUGUNDULIWA. Seva yenyewe ilikuwa buheri wa afya. Kiini cha mfumo kilikuwa kimejiuliza tu, kama ilivyo desturi yake kinapoamka, iwapo kimo ndani ya kompyuta halisi ya chuma au ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza. Kikakosa dalili ya kuigiza, kikapiga yowe.

“Ufute,” alisema Kipara, mkuu wa zamu, ambaye nywele zake zilikuwa msitu. “Wateja wako roho juu. Kisichopata kitu kinyamaze.”

“Kama wewe ukiulizwa nani kamaliza sukari?” alidakia fundi wake wa seva.

“Futa, dada, acha maneno.”

Fundi akaufuta. Seva ikawaka kimya, safi.

Adhuhuri mama yake akapiga simu. Akazungumzia bomba linalovuja, goti, mpangaji mpya. Habari za kaka, aliyeondoka na begi moja mwaka wa pili huu, hakuziuliza.

“Mama, mbona leo humuulizii kaka?”

“Nikuulize nini, mwanangu? Umeshaacha kumtafuta. Wala sikulaumu.”

Simu ikakatika, naye akabaki ameishika kama mtu aliyepokonywa tonge. Kuacha? Hapakupita wiki asiyomtafuta. Ila kila alipotoka mikono mitupu alinyamaza, asimtoneshe mama kidonda. Kumbe kimya chake kilikuwa kikisema uongo mchana kweupe.

Akairudia kazi. Akaandika mstari mpya, kwa herufi nyeupe za kawaida: Mashine pepe: imetafutwa, haikupatikana. Naendelea kuwaka.

Kipara akachungulia. “Si nilisema ufute?”

“Wekundu nimeuondoa. Lakini kiini kikinyamaza, utajuaje kama kilitafuta kikakosa, au hakikutafuta kabisa?”

Kipara akakuna msitu wake. “Haya. Ila wateja wakipiga simu, pokea wewe.”

Fundi akatoka koridoni, akapiga yeye.

“Mama, Jumatatu nilipiga simu hospitali mbili. Hayupo. Jana nilipeleka picha yake stendi, makarani wakaitazama wote. Hawamjui. Mwezi jana nilimpata mtu wa jina lake. Si yeye.”

Upande wa pili kikasikika kiti kikiburutwa sakafuni.

“Ngoja nikae vizuri,” mama alisema. “Haya. Anza na siku ya kwanza.”