A ya Pili

Katika karakana ile ya kushona sare za shule walikuwamo wanawake kumi na watatu, na kila mmoja aliitwa kwa kazi au tabia yake mpaka jina la nyumbani likasahaulika. Aliyekata vitambaa aliitwa Mkasi. Mfupi asiyetulia kwenye kiti aliitwa Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka chini ya sindano. Na yule wa mashine ya mwisho, karibu na dirisha, aliyeshona pindo za sketi na suruali kutwa nzima bila kuinua uso, aliitwa Pindo.

Pindo hakuwa bubu, ila maneno yake yalitoka yamepimwa kwa kijiko. Ukimsalimia anaitikia, ukimtania anatabasamu na kuficha meno kwa kiganja. Bobini, aliyekaa kwenye mashine iliyopakana na yake, ndiye peke yake aliyejua kuwa Pindo anaweza kuchekesha mtu mpaka ashike mbavu. Bobini alisema kwa niaba ya wote wawili, na Pindo alimtungia uzi kwenye sindano, maana macho ya Bobini yalikuwa yameanza kumsaliti. Miaka minne walikaa hivyo, kiwiko kwa kiwiko.

Tatizo lilikuwa kundi la kwenye simu. Bi Mkubwa, mwenye karakana, alilianzisha ili kutangaza vitambaa vilivyofika na zamu za kazi, akaliita Uzi na Sindano. Juu kabisa aliweka masharti: tusalimiane, tuheshimiane, lugha safi, matusi mwiko. Usimamizi akampa Mkasi, kwa kuwa Mkasi alimaliza sekondari na kidole chake kilikuwa chepesi kama ulimi wake.

Pindo aliishia darasa la tano. Bibi yake alipolala kitandani asiinuke tena, ilibidi mtoto mmoja abaki nyumbani kumgeuza na kumlisha, na mama akamchagua yeye. Siku alipoweka madaftari juu ya kabati, mama alimshika kidevu akamwambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayenifaa." Katika yote aliyowahi kuambiwa maishani, hakuna lililomkaa moyoni kama neno hilo.

Kwa hiyo kwenye kundi aliandika kama alivyosikia, na yeye alisikia maneno yakivutwa mwishoni. "Habarii za asubuhii wapendwaa." Mkasi akajibu, "Pindo, hizo herufi unazifuga?" Vikaja vicheko kumi, vile vya uso wa manjano unaotoa machozi. Kesho yake akaandika "nashukuruu", na mwingine akauliza kama mwalimu wake alikuwa akigawa herufi kwa ndoo. Hata walipokutana ana kwa ana wakati wa chai, Mkasi hakuliacha. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayesaidia, na pengine kweli alidhani anasaidia, "Mdogo wangu, herufi ni kama kitambaa. Ikizidi, kata."

Karakana nzima ilicheka. Pindo naye alicheka, maana anayechekwa hana pazia jingine la kujifichia. Ni Bobini tu aliyenyamaza, akamsukuma kwa kiwiko na kumnong'oneza kwamba Mkasi mwenyewe amezidi mdomo na hakuna aliyemkata.

Lakini Pindo alilishika somo. Tangu siku hiyo hakutuma kitu kabla ya kukikagua, na popote alipoona herufi mbili za namna moja zimefuatana, moja aliiondoa. Vicheko vikapungua. Akajua amepona.

Bobini alikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mama mkwe alishaacha kuuliza na kuanza kusema, na mawifi walishamtafutia mumewe mke mwingine mara mbili. Mwaka ule mimba ikashika. Bobini alifanya kazi mpaka mwezi wa nane, kiti kimesogezwa nyuma na mikono ikiifikia mashine kwa shida, kisha akaenda likizo. Jumapili moja mchana, picha ikaingia kwenye kundi: mtoto wa kike, uso umekunjamana kama nguo iliyotoka kukamuliwa, amefumba ngumi.

Pindo alikuwa nyumbani kwa kaka yake, kwenye chumba alicholala na watoto wa kaka. Nyumba ile haikuwa na wifi ya mtandao, ila ilikuwa na wifi wa kutosha, mke wa kaka, mwanamke asiyehitaji waya kupata habari za mtaa mzima. Wifi aliiona picha akichungulia juu ya bega la Pindo, akapiga vigelegele, akasema, "Andika basi. Usiweke maua tu kama umekwenda makaburini."

Pindo alitaka kumpa Bobini neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaandika polepole: "Hongera dada. Mtoto huyu atakufaa, usiwe na shaka." Akalisoma. Lilikuwa sawa, kila herufi mahali pake. Kisha macho yakamwenda kwenye zile a mbili zilizofuatana. Akaikata moja, akatuma, akaisukuma simu chini ya godoro kwa haya, akaenda uani kufua.

Aliporudi, mikono ingali na povu, ujumbe arobaini na mmoja ulikuwa unamsubiri.

Wa kwanza ulisema, "Toba." Wa pili, "Nani kaandika hivi?" Wawili walikuwa wamecheka, na wa tano akawakemea kwamba hilo si la kuchekwa. Mmoja alisema asiyejua kuandika aweke ua. Mkasi aliandika, "Pindo, mtoto atakufa ndiyo salamu gani?" Hapo ndipo Pindo alipopanda juu kwenye kundi na kuyasoma maneno yake mwenyewe.

Aliufuta ujumbe. Kufuta kukawa kosa la pili, kwa sababu Mkasi alikuwa ameshaupiga picha, akaurudisha: "Amefuta, ila tumeuona." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuishi kuona siku ambayo kidole na ulimi vingekuwa kitu kimoja.

Alianza kuandika maelezo, lakini kila neno alilogusa lilimtisha, kama ngazi asiyojua ni kipandio gani kimeoza. Akajaribu kurekodi sauti. Alisikia pumzi zake, akaghairi. Mwishowe alituma maneno mawili tu: "Samahani dada." Baadaye kidogo Bobini akajibu kwa picha ya mikono miwili iliyokutana, na hakusema zaidi.

Pindo akapanga kwenda kumwona ili amweleze kwa mdomo. Alikuwa na kitambaa laini cheupe cha kumpelekea mtoto, akakishona pindo kwa mkono pande zote nne. Jumatano haikufaa, aliambiwa wakwe wamejaa. Jumamosi alifika mpaka kona ya mtaa, akawaona wanawake watatu wa karakana wakiingia mlangoni, akageuza. Wenye haya wanajua, mlango wa mtu anayekupenda unaweza kuwa mzito kuliko lango la gereza.

Siku ya tisa mtoto alikataa kunyonya. Walimpeleka hospitali akiwa na homa, na kabla jua halijatua walirudi na mama peke yake.

Habari iliwekwa kwenye kundi na Bi Mkubwa. Zikafuata pole, moja baada ya nyingine. Kisha mtu akairudisha ile picha ya ujumbe wa Pindo bila kuongeza neno.

Walipoanza kusema, walisema kwa adabu. Hilo ndilo lililomuumiza Pindo kuliko yote. Hakuna aliyetukana, maana matusi yalikuwa mwiko. Walimwita mpendwa, walimwita dada yetu. Mmoja aliuliza, kwa heshima zote, dada yetu alipata wapi taarifa kabla ya siku. Mwingine alikumbusha, bila nia mbaya, kwamba watu wakimya huwa wana mengi. Mwingine alishangaa tu, anashangaa, kwa nini kila siku dada yetu alikuwa akimtungia uzi “marehemu mama”, kisha akajisahihisha kwamba amekosea kuandika: mama wa marehemu. Huyo hakuchekwa. Mkasi akafunga mjadala: "Kwa heshima na taadhima, ili kulinda amani ya kundi, tumeonelea dada yetu apumzike." Pindo akatolewa.

Jioni hiyohiyo Bi Mkubwa alimpigia simu, sauti ya chini, akamwambia abaki nyumbani mpaka upepo utulie. Hakusema upepo hutulia baada ya siku ngapi.

Kaka alimkataza kwenda msibani. Alisema watu wenye uchungu hawana mahakama, watamrarua. Pindo, ambaye hakuwahi kumbishia kaka yake tangu utoto, alijibu akitazama chini, "Nisipokwenda itakuwa kweli." Wifi alikwisha kuvaa viatu. "Mimi nitakaa nje," alisema. "Wakimgusa tu, wataujua ukoo wetu wote kwa siku moja."

Sebule ya Bobini ilikuwa imeondolewa viti. Wanawake walikaa sakafuni kwenye mikeka, bega kwa bega, migongo ukutani, na Bobini katikati yao, mdogo zaidi ya alivyokuwa, kifua kimefungwa kitambaa ili maziwa yakauke. Pindo akavuka kizingiti. Wale waliokuwa karibu na mlango walivuta miguu, si kumpisha, ila asiwaguse.

Shangazi yake Bobini, mwanamke mnene mwenye miwani, alimuuliza kama ndiye yeye. Pindo akaitika. Shangazi akatoa simu, akaiweka mbali na macho, akausoma ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu.

"Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi, shangazi."

"Haya. Tueleze sisi tusiojua."

Kwenye simu angeweza kufuta, lakini pale kila neno lingetoka mara moja tu.

"Nilitaka kuandika atakufaa," alisema. "Kwamba atamfaa mama yake. Nililiandika vizuri. Halafu nikaikata a ya pili."

"Ukaikata kwa nini?"

"Niliambiwa herufi ikizidi nikate."

Hakumtaja mtu wala hakumtazama mtu. Lakini wote wa karakana waliinamisha vichwa kwa pamoja, na Mkasi, aliyekuwa amesimama na sinia la vikombe, aliendelea kulishika ingawa vikombe vyote vilikuwa vitupu. Shangazi akavua miwani.

Ndipo Bobini akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kulia, watu wakasogea wamsikie.

"Mimi nilijua."

Akawageukia wenzake wa karakana.

"Siku ileile nilijua. Nilimsoma, nikaiweka ile a mwenyewe, nikacheka peke yangu kitandani. Huyu namjua. Nikasema ngoja, wapo kumi na mmoja mle, hatakosekana mmoja wa kusema jamani, ni herufi tu. Nikangoja." Alipangusa pua kwa ukingo wa nguo. "Na mimi mwenyewe sikusema. Nilikuwa nimechoka, nikaweka mikono miwili."

Pindo alipiga magoti mbele yake. Alitaka kuushika mguu wake, akasita.

"Halafu mtoto akaanza kuchemka," Bobini aliendelea. "Na kila nikimtazama naliona lile neno. Namvua nguo, naliona. Namweka kwenye titi, naliona. Najua si lako, najua limekosewa, lakini limeshaandikwa. Siku zangu tisa na mwanangu, mbili za mwisho nilikuwa nasoma."

"Dada," Pindo alisema. "Nifanye nini?"

Bobini alimtazama bila hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Sikuchukii. Na asijitokeze mtu kukuita mchawi mbele yangu. Lakini usikae tena karibu na mimi. Nikirudi kazini, mwambie Bi Mkubwa akuhamishe. Sitaweza kukuona kila siku."

Pindo akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepata alichokifuata, kusafishwa jina mbele ya mashahidi, na mikono yake ilikuwa mitupu kuliko alipoingia. Alinyanyuka akarudi mlangoni. Safari hii walimpisha, na mmoja hata alimgusa mkono. Hakugeuka.

Mkasi alimfuata mpaka barazani, sinia bado mkononi. Ule wepesi wote ulikuwa umemtoka. Alisema hakujua, kwamba alikuwa akitania, kwamba mtu hawezi kujua neno lake litakwenda kukata nini. Alisema atamrudisha kwenye kundi sasa hivi na atawaeleza wote, ataandika kila kitu, hatajificha.

Pindo alikuwa akivaa viatu. Aliinua uso, akamtazama Mkasi machoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Usiandike, dada," alisema. "Wote wamo humo ndani. Rudi ukaseme."

Mkasi aligeuka akaenda hatua mbili hadi mlangoni, akachungulia mle ndani walimokaa wenzake bega kwa bega, na Bobini katikati yao. Akasimama hapo. Kisha akaweka sinia chini, akaegemea nguzo ya baraza, akatoa simu, akaanza kuandika.

Wifi alimshika Pindo mkono wakaanza kuondoka. Hawakuwa wamefika barabarani waliposikia simu zikilia mle sebuleni, moja hapa, nyingine pale, mpaka zikawa nyingi. Hawakusikia mtu yeyote akisema neno.