Ngassa Hakusikia

Sentensi ya kwanza ambayo Sikujua aliiandika kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa na maneno matano, na mwalimu wake alidhani amekosea.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwaka 1976, ndani ya ghala la pamba la kijiji cha Ihandiko, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini Geita. Bati lilikuwa linawaka kwa jua. Wanawake kumi na wanne wa darasa la kisomo walikaa juu ya magunia matupu, daftari magotini, kwa kuwa madawati yalikuwa bado yako njiani kama yalivyokuwa njiani mwaka juzi. Mwalimu wao, Zuwena binti Maulidi, alikuwa amewaambia kila mmoja aandike jambo moja la nyumbani kwake. Waliandika juu ya mihogo, juu ya ng'ombe, juu ya mama mkwe mkali. Sikujua, mjane waliyemwita Mama Mageni, mwenye vidole vilivyopasuka kwa jembe, aliandika: Mume wangu aligonga siku mbili.

"Mama Mageni," Zuwena alisema akiwa ameinama juu ya daftari, "aligonga nini? Mlango? Msumari?"

"Aligonga tu, mwalimu."

Mwanamke mmoja akakohoa na kutazama mlangoni. Zuwena akatia alama ya vema, akahamia daftari la jirani, lakini hakuyaona yaliyoandikwa humo.

Darasa lilipokwisha, Sikujua alimsindikiza hadi barabarani, mkono mmoja ameushika nyuma ya baiskeli. Walipofika mahali pasipo na masikio, akasema.

Mume wake, Ngassa, na wenzake wawili walikuwa wakichimba dhahabu katika duara moja la zamani, shimo lililoachwa na Wazungu mgodi ulipofungwa. Hawakuchimba kwa hiari yao. Mwenyekiti wa kijiji, Maige, ndiye aliyewaondoa kwenye shamba la ujamaa akisema wana kazi maalumu, na mawe yenye dhahabu yalipelekwa kwake. Asubuhi moja baada ya mvua matimba yaliyoshikilia udongo yakavunjika, mdomo wa duara ukaziba. Wake zao wakakimbia na majembe. Sikujua akalaza sikio chini, akasikia: wanagonga mara tatu, kimya, mara tatu tena.

"Tukaanza kuchimba. Mwenyekiti akaja na mgambo, akasema pale ni hatari, akatufukuza. Kesho yake bado wanagonga. Na kesho hiyo wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua kijiji. Basi vijana wakaamriwa wafukie, wapande mkonge juu. Walifukia huku wanasikia, mwalimu. Gete, kweli walisikia. Mmoja alikuwa anatapika huku anafukia."

Zuwena alishindwa kupanda baiskeli.

"Kisha ikaja karatasi. Nikaambiwa niweke dole gumba. Nikaweka. Baadaye ndiyo nikaambiwa imeandikwa kwamba walikuwa walevi, wakaenda kuiba mali ya serikali." Aliachia baiskeli. "Ndiyo maana nimekuja kisomo."

Zuwena alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Kalangalala, pale Geita, ambaye wazee wake walitokea Ujiji. Tangu shuleni alitaka kitu kimoja tu, kuandika kitabu. Chini ya godoro lake palikuwa na madaftari matatu ya hadithi ya mapenzi ambayo hakumwonyesha mtu. Jioni ile aliyasoma yote, akaona aibu, akampa mama yake afungie karanga.

Alianza upya. Madukani karatasi hakuna, hivyo aliandika nyuma ya karatasi za kufungia sukari, alizopewa na Vinod, mwenye duka mkabala na soko. Vinod alikuwa na taipureta ambayo baba yake aliiacha, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alisoma kila kilichoandikwa, hata maandishi ya kwenye makopo. Zuwena alimpa kurasa za kwanza arobaini. Vinod akazisoma akiwa amesimama, penseli sikioni, wateja wakingoja.

"Mwalimu," alisema alipomaliza, "hapa unalia sana."

"Ni jambo la kulia, Bwana Vinod."

"Ndiyo. Lakini umelia wewe, mimi sasa nilie nini? 'Ewe ulimwengu katili.' Ulimwengu haupo hapo kwenye shimo. Hapo yupo huyu mama. Alikuwa ameshika nini mkononi?"

Zuwena hakujua. Alikasirika siku tatu. Siku ya nne alikwenda Ihandiko akamwuliza Sikujua, na Sikujua akafikiri kidogo, akasema: "Kibuyu cha uji. Nilikuwa nampelekea. Nilikishika siku zote mbili, sijui kwa nini, hata ulipochacha."

Zuwena akafuta ulimwengu katili akaandika kibuyu. Alifuta machozi yote yaliyokuwa yake. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili na kuandika upya mara nne, vidole vyeusi kwa kaboni, katika kijichumba cha nyuma ya duka chenye harufu ya bizari na mafuta ya taa. Alijifunza kwamba neno moja likikaa mahali pake, maneno kumi yanaweza kwenda nyumbani. Aliwabadilishia majina watu wote, na kijiji pia. Alipotaka kulibadilisha la Ngassa, Sikujua alikataa.

"La kwake liache, mayu, mama yangu. Hana kaburi. Awe na jina."

Mswada ukaitwa Walikuwa Wakigonga. Nakala ya juu Zuwena aliipeleka Shinyanga, kwenye Jopo la Vitabu vya Wasomaji Wapya. Nakala ya kaboni ilibaki dukani kwa Vinod, ndani ya debe la biskuti.

Miezi saba baadaye aliitwa.

Alifika Shinyanga juu ya lori la pamba, mtandio umejaa vumbi, akanawa uso bombani nyuma ya ofisi. Afisa wa Jopo, Ndugu Thobias, alimkaribisha kwa heshima, akamwagizia chai. Mswada ulikuwa mezani, umesomwa, kona zake zimelegea.

"Nimesoma miswada mingi, Ndugu Zuwena," alisema. "Sijaona mtu anayejua kunyamaza kama wewe. Ukurasa huu wa kibuyu, niliusoma mara mbili. Umejifunza wapi?"

"Nimejifunza tu, Ndugu Afisa." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

"Tutakichapa. Nakala elfu ishirini. Jina lako kwenye jalada." Alikoroga chai yake polepole. "Kuna masahihisho madogo."

"Masahihisho gani?"

"Fikiria mtu aliyejua kusoma jana. Kitabu chake cha kwanza maishani kimwambie kwamba kiongozi wake ni muuaji? Huko ni kujenga au kubomoa?"

"Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Thobias akaacha kukoroga. "Ilivyokuwa? Wewe umeniletea hadithi ya kubuni. Imeandikwa hapa, kwa mkono wako: hadithi ya kubuni. Kama si ya kubuni, basi si kazi yangu tena, ni kazi ya wengine. Watauliza kijiji hiki ni kipi. Watauliza nani alikusimulia."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Zuwena alitazama chai yake, iliyoanza kuota utando.

"Nani atasahihisha?" aliuliza.

"Jopo."

"Nitaonyeshwa?"

"Karatasi ni adimu. Kikipata zamu kiwandani hakirudi nyuma." Alisukuma fomu mezani. Juu yake palikuwa na mistari mitatu tu na nafasi ya sahihi: Mwandishi anaridhia masahihisho yote. "Chukua. Fikiri wiki moja. Mswada utabaki kwangu."

Njia nzima ya kurudi alifikiria nakala ya kaboni. Angeipeleka kwa mchapishaji mwingine, Dar es Salaam, hata Nairobi. Alishuka Geita saa sita mchana akaenda moja kwa moja dukani. Kwenye kijichumba cha nyuma, mahali pa taipureta palikuwa na gunia la chumvi.

Vinod hakumtazama. Alikuwa akipanga sabuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

"Walikuja watu wawili juzi," alisema. "Mmoja wa huko kijijini unakofundisha, mnene, wanamwita Mwenyekiti. Wakauliza mashine yangu ina kibali gani, nachapa nini, namchapia nani. Wakauliza na leseni ya duka."

"Na debe?"

Vinod akachukua sabuni nyingine. Mkewe, Induben, ndiye aliyejibu kutoka mlangoni, mkono kwenye fremu. "Nakala ile nimewashia jiko mimi, Mwalimu. Usimlaumu yeye. Tuna watoto wanne, na wenzetu wengi wameshaondoka nchi hii na sanduku moja. Nilichoma karatasi moja moja, ziishe kabisa. Yeye alikuwa anasoma huku zinaungua."

Zuwena alikaa juu ya gunia la chumvi. Hakulaumu mtu. Alihesabu siku: zimebaki tano. Kwenye siku ya tatu alijiambia kwamba akikataa, watamfuata Sikujua. Hilo lilikuwa kweli. Kwenye siku ya nne alijiambia kwamba masahihisho huenda yakawa madogo kweli, kwamba kibuyu kitabaki, kwamba hata nusu ya ukweli si haba. Na chini ya hayo yote, mahali ambapo hakupenda kuchungulia, aliliona jalada lenye jina lake. Siku ya tano aliitia fomu sahihi na kuipeleka posta mwenyewe.

Sikujua alipomwuliza, alimwambia, "Kitatoka."

"Na jina lake?"

"Limo."

Sikujua akapiga makofi mawili madogo, kama watu wa huko wanavyoshukuru.

Kitabu kilifika Ihandiko mwaka uliofuata, siku ya mtihani wa kisomo. Kilifika ndani ya boksi, kwenye gari la Jopo, pamoja na Ndugu Thobias aliyekuja kusimamia. Mwenyekiti Maige, mgeni rasmi, alikuwa amevaa suti ya Kaunda yenye pasi, na kiti chake kilitandikwa kitambaa. Wanawake walikuwa wameoga, wamepaka mafuta, wamesuka nywele. Thobias akafungua boksi, akatoa kitabu kimoja chembamba, akakiinua juu.

"Kimeandikwa na mwalimu wenu!" alisema.

Ghala likapasuka kwa vigelegele. Zuwena aliona herufi nyekundu kwenye jalada: Zuwena Maulidi. Furaha ilimjia kabla ya akili. Ilimpanda mwili mzima, na kwa muda wa pumzi moja alikuwa mtu aliyetaka kuwa tangu utotoni. Kisha akasoma yaliyokuwa juu ya jina lake: Ngassa Hakusikia.

Alinyoosha mkono akipokee. Thobias akampa fomu ya alama badala yake. "Baadaye, Ndugu Mwandishi. Tuanze, jua linakwenda. Nani wa kwanza? Huyu? Mama Mageni. Ukurasa wa kumi na tisa."

Sikujua alisimama mbele, kitabu mikononi. Alikuwa mwanafunzi bora wa darasa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, polepole, bila kukwama, kama Zuwena alivyomfundisha: apumzike penye nukta.

"Ngassa alikuwa mtu wa pombe. Mwenyekiti alimwonya mara tatu. Ngassa hakusikia."

Kidole kilibaki penye nukta muda mrefu kuliko nukta inavyotaka.

"Endelea, mama," Thobias alisema. "Unasoma vizuri sana."

"Siku moja aliingia shimoni kuiba mali ya taifa. Shimo likamfunika. Mwenyekiti alilia. Alichimba kwa mikono yake siku mbili. Wanakijiji walimsaidia. Lakini walikuwa wamechelewa."

Kwenye magunia hakuna aliyetikisika. Watu wa Ihandiko walitazama miguu yao. Maige aliondoa uzi kwenye goti la suruali.

"Vizuri kabisa," Thobias alisema. "Sasa tuone kama umeelewa. Kosa la Ngassa lilikuwa nini?"

Sikujua hakumtazama aliyeuliza. Alimtazama Zuwena. Hayakuwa macho ya hasira. Zuwena angeweza kuyavumilia ya hasira. Yalikuwa macho ya mwanafunzi anayesubiri mwalimu wake amwambie kama amesoma sawa, au amekosea herufi mahali.

"Mama?" Thobias alisema. "Jibu limo humo humo."

"Mwalimu," Maige akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa upole, "msaidie mwanafunzi wako. Wewe ndiye unayekijua kitabu."

Zuwena alitazama chini. Penseli ilikuwa mkononi mwake, na kwenye fomu, mbele ya jina la Sikujua, palikuwa na visanduku viwili: Amefaulu, Hakufaulu.

"Basi asome tena," Thobias alisema akitazama saa. "Pengine hakusikia swali. Kuanzia juu, mama. Na safari hii, kwa sauti kubwa zaidi, wa nyuma wasikie."

Sikujua akateremsha macho. Akarudisha kidole chenye ufa hadi juu kabisa ya ukurasa, akakiweka chini ya jina la mume wake, akaanza tena.