Sifuri za Jumamosi

Shuleni kwetu Buswelu walimu wote tuliagizwa kusikiliza mihadhara kumi na miwili iliyorekodiwa, kuhusu akili unde katika ufundishaji na takwimu za viumbe hai. Mimi, Mwalimu Dorcas, niliyebakiza miaka minne nistaafu, nilinuna wiki nzima. Nilianza kufundisha baiolojia kabla hawajazaliwa hawa vijana wanaonionyesha pa kubofya.

Lakini mhadhara wa nne ulininasa. Mhadhiri alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, na uzuri wa mtu aliyerekodiwa ni kwamba ukimsimamisha hakasiriki, ukimrudisha nyuma haguni. Mwalimu wangu wa baiolojia, Luhende, hakuwa hivyo. Alisema jambo mara moja tu, samaki mkononi, na usiposikia shauri yako.

Jamani, nilimkumbuka! Mwaka 1986, nikiwa kidato cha tatu katika shule moja ya ufukweni mwa ziwa, alianzisha klabu ya kuhesabu samaki. Kila alfajiri mmoja wetu alishuka mwaloni, mitumbwi inapofikia, akahesabu ndoo mbili za mvuvi wa kwanza kufika: furu wangapi, ningu wangapi, gogogo, domodomo. Furu wenyewe walikuwa wa kila rangi, wenye matumbo mekundu, wa buluu, wenye mistari, na Mwalimu aliwajua mmoja mmoja kama watoto wa jirani. Alituhimiza tuhesabu upesi maana sangara, yule samaki mla wenzake, alikuwa anawamaliza. Tuliingia darasani tunanuka samaki, na tulijivuna kweli kweli. Ningepewa asubuhi moja tu ya siku zile, ningeichukua na harufu yake yote.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho wa wiki. Nilileta kikaratasi, na mwenzetu Masalu, mwenye mwandiko mzuri, akanakili kwenye kaunta buku. Amri ya Mwalimu ilikuwa moja: "Sitaki kuona kisanduku kitupu!"

Mwaka uliofuata wazazi wangu walihamia Musoma, nikahama nao. Huko nikasikia kwamba shuleni kule alikuja mtaalamu mmoja wa samaki, akafunua lile buku, akasema namba zimepikwa. Klabu ikafa. Mwalimu Luhende alipostaafu nilikwenda kumuaga, akanipa buku hilo, nami nililia njia nzima. Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu, kuonyesha kwamba yule mtaalamu alimwonea.

Basi zoezi la mhadhara wa nne lilipotutaka tuingize takwimu zetu wenyewe kwenye programu ya akili unde, nilitoa kaunta buku kabatini. Nilichapa namba hizo Jumapili tatu. Programu ikajibu kwa sekunde chache: kila siku ya saba samaki wote wanatoweka, huenda takwimu hizi zimetungwa.

Niliitukana. Kisha nikamrudisha yule mama nyuma. "Sifuri," akasema, "maana yake ulikwenda, ukatafuta, ukakosa. Kama hukwenda, acha wazi." Nikamsimamisha hapo hapo, nikatafuta kalenda ya mwaka 1986. Sifuri zote zilikuwa za Jumamosi.

Nyumbani kwetu sisi ni Wasabato. Jumamosi nilimuaga Mwalimu kwamba nakwenda mwaloni, kumbe nakwenda kanisani. Niliogopa kumwambia. Na kwa kuwa hakutaka kisanduku kitupu, nilijaza sifuri. Nilimdanganya mwalimu wangu ili nikasali, na kwa miaka karibu arobaini sikuwahi kuuita huo uongo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Usagara, anakoishi Mwalimu Luhende kwa binti yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dorcas. Umenenepa."

Nilimweleza yote, kompyuta magotini. Nilimwonyesha kwamba ukiziondoa Jumamosi, buku lake ni zima, na furu wanapungua mwezi hadi mwezi kama alivyotuambia. Alisogeza uso kwenye kioo, akawataja kwa sauti ndogo, mwekundu yule, wa mistari yule. Nilifurahi kama mtoto. Kisha akavua miwani.

"Wewe mtoto," akasema, "unajua yule mtaalamu alipoondoka nilifanya nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Nilimwita Masalu. Mwandiko ulikuwa wake. Nilimchapa mbele ya klabu nzima, nikamfukuza. Alilia, anasema yeye kanakili tu alicholetewa. Sikumsikiliza."

Kumbe Masalu hakunitaja hata kwa jina.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Kisesa. Ana mashine ya kusaga. Tukikutana msibani ananiamkia vizuri tu, mimi ndiye ninayeangalia pembeni. Mpaka leo hii nilijua ni yeye aliyenipikia namba."

Nilifunga kompyuta. Nilimwambia nitakwenda Kisesa peke yangu, kwa sababu kosa ni langu, na yeye apumzike. Yeye alikuwa ameshainuka, anamwita binti yake amletee koti.

"Sifuri zilikuwa zako," akasema, akihangaika na mkono wa koti. "Fimbo ilikuwa yangu. Twende kabla hajafunga mashine."