Mume Mwema Aliyeharibu Kazi

Wanaume watatu walimwacha mwimbaji, na kila mmoja alimwachia albamu nzima ya nyimbo za majonzi. Kisha akaolewa na fundi viatu mpole kupindukia, na gitaa likanuna.

"Dada, furaha haiuzi," prodyuza alifoka kwenye simu. "Nataka machozi wiki hii, la sivyo mkataba basi!"

Jioni mwimbaji akamchokoza mumewe ili wagombane: unakoroma, unanuka gundi, na mama yako ana gubu!

"Pole, mke wangu, umechoka," mume akajibu, akaosha vyombo.

Ikabidi mke amweleze ukweli. Kwa huruma zake, mume akafunga begi akahamia kwa dada yake. Mwimbaji akashika gitaa. Chozi lilipoanza kulengalenga, mlango ukafunguliwa.

"Mpenzi, nimeona usilie bila leso."

Chozi likakauka.

"Toka, baba! Utanifukuzisha kazi!"