Mfuko wa Mawe Chini ya Kamera

Mpigapicha wa paspoti watu walimwita Tulia-Hapo, maana hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake, awe mtoto mlizi au bwana mkubwa mwenye kitambi. Na wote walitulia. Sasa mama yake mzazi alitaka picha moja tu, ya kutundikwa kando ya picha ya marehemu mumewe, "kabla uso huu haujanihama."

Mwanga mkali ulimtoa mama machozi. Kwa hiyo pazia lilishushwa nusu, na ikabidi kamera ikodoe jicho sekunde nzima ndipo ipate sura. Picha za kwanza zikatoka na ukungu. Tulia-Hapo akailaumu stendi yake, kitu chepesi chenye miguu kama ya mbu. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, ila wao hawakuwahi kununua stendi ya kamera. Siku mbili alizunguka madukani, mpaka akapata moja nzito, ya miguu mitatu minene. Akaikandamiza, akaisukuma kushoto na kulia, hadi mwenye duka akauliza, "Kaka, unanunua au mnapigana mieleka?"

Nyumbani hakuvuta vipande vyembamba vya chini vya miguu ya stendi, maana ndivyo vinavyoyumba. Nguzo ya katikati hakuiinua. Akakunja zulia ili miguu ikanyage sakafu tupu, akaning'iniza mfuko wa mawe chini yake, kisha akaitega kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, kidole chake kisije kikaiponza.

"Hata baba yako hakunitengenezea kitanda kwa bidii hiyo," mama akasema.

Picha ikatoka. Nyuzi za pazia zilihesabika. Ufa wa kikombe ulionekana, na nzi wa ukutani alionekana mpaka miguu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa moshi.

Hapo Tulia-Hapo akamtazama mama yake bila kamera katikati. Alijua mikono ya mama inatetemeka. Mwaka mzima alijiambia ni mikono tu. Kumbe kidevu nacho kilicheza, na shingo, kama mtu anayekataa jambo polepole.

"Mbona kimya? Nimetoka mbaya?"

"Stendi, mama. Bado inayumba."

"Mwongo mkubwa wewe. Haya, nifunge na mimi mawe."

Alicheka, lakini alimaanisha. Tulia-Hapo akaufungua mfuko kutoka kwenye stendi, akamwekea mapajani. Mawe yakaanza kugongana humo ndani, taratibu. Akamshika mabega kwa nyuma. Mtikisiko ukampanda mpaka viwikoni.

"Si una maneno yako?" mama akasema. "Watu wote ukiwaambia wanatulia. Niambie na mimi, mwanangu."

Akazidi kumshika mabega. Mbele yao ile stendi, hata bila mawe, ilikuwa imesimama imara kama mama mkwe mlangoni.