Ratiba ya Mabwawa Sita

Barua kutoka maabara ya chuo kikuu ilikuwa na kurasa mbili, nami niliisoma mara tatu kabla ya kuipeleka mkutanoni. Klabu yetu ya mazingira hukutana katika karakana ya shemeji yangu, fundi cherehani, ambaye ndiye mwenyekiti. Yeye huendelea kushona. Sisi wengine sita hukaa kwenye mabenchi ya wateja. Mimi ni katibu. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika maabara ya hospitali.

"Haya dada, soma, tusikie tumeshinda nini," alisema mwalimu mstaafu wa hesabu.

Nilisoma. Vyura wetu tuliowapeleka wapimwe waliuawa na ukungu unaoshambulia ngozi. Hauonekani kwa macho. Husafiri katika maji na tope, na tope husafiri chini ya viatu.

Kisha nikabandika ukutani karatasi niliyoiandaa mwenyewe. Kushoto, tarehe za ziara zetu za kuhesabu vyura. Kulia, tarehe tulizopata taarifa za vyura kufa. Bwawa la kiwanda cha matofali: ziara mwezi wa kwanza, vifo mwezi wa tatu. Bwawa la nyuma ya shule: wa pili, wa nne. Mabwawa matano, na pengo lilelile la wiki nane hivi. Mabwawa hayo hayaungani kwa mto wala kwa mfereji. Kinachoyaunganisha ni ratiba yetu.

Muuza magazeti, aliyejiunga juzijuzi, alicheka. "Yaani klabu ya kulinda vyura ndiyo..."

"Ndiyo."

"Si sisi, ni buti," alisema mwalimu.

"Buti zilikwenda zenyewe, mwalimu? Zilipanda basi?" nilimuuliza.



Lilibaki bwawa la sita, la kwenye machimbo ya mawe. Ziara yake ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu ya mvua. Lilikuwa na vyura wadogo wenye mapaja mekundu, ambao hatujawahi kuwaona kwingine. Nilipendekeza ziara ifutwe na mtu yeyote asikanyage kule. Mikono sita ikanyanyuka. Cherehani ikanyamaza.

"Shemeji, na wewe?"

Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kola ya koti alilokuwa akilishona.

"Nilikwenda Jumanne," alisema. "Huko kwingine wamekwisha, nikaona nikawaangalie. Wazima kabisa. Nilihesabu thelathini na wanne."

"Uliingia majini?"

"Mpaka magotini. Ningewahesabuje nikiwa barabarani?"

"Kwa buti zipi?"

Sikuwa na haja ya kuuliza. Zilikuwa nyuma ya mlango, zilezile za ziara zote, nyayo zimejaa tope kavu.

"Basi tukamwage dawa," alisema. "Dawa haikosekani."

"Ya kuoshea buti ipo. Ukiimwaga bwawani itaanza na vyura."

"Kwa hiyo nimewamaliza."

Nilitamani kumwambia labda. Lakini matano kati ya matano si labda.

Tangu siku hiyo nilisimama kila alfajiri kwenye barabara iliyo juu ya machimbo, bila kushuka, nikihesabu sauti. Wiki ya nne nilipata kumi na moja. Wiki ya sita, nne. Wiki ya nane shemeji alifunga karakana akanifuata. Cherehani imemchosha masikio; peke yake asingesikia kitu.

"Wangapi?" aliuliza.

"Ngoja malori yapite."

Yalipita. Nilisikiliza dakika kumi kamili, saa ikiwa mkononi.

"Shemeji, wangapi?"

Niliongeza dakika kumi nyingine. Kisha nikaandika sifuri, nikamgeuzia daftari asome mwenyewe.